Feni Inavuma, na Hakuna Aliyegusa Kitu

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi alasiri mbele ya wakazi wa mtaa wetu hapa Tanga. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, walimu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosimama mlangoni ilhali viti vya mbele viko wazi: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo moja tu, nami nitajitahidi nisitoke nje yake. Ni ile hali ya kompyuta ya nyumbani kufanya kazi bila kupumzika: feni inavuma kama pikipiki inayopanda mlima, laptop imepata joto hata huwezi kuipakata, herufi uliyoibonyeza inatokea baada ya sekunde tatu, na kijana wa nyumbani akiitazama anakwambia, "CPU iko asilimia mia." CPU ni prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Swali mnaloniletea dukani ni lilelile kila wiki: "Fundi, imejaa, utaipunguza vipi?" Mimi leo nimekuja kuwaomba mniulize swali jingine. Msiniulize imejaa kiasi gani. Niulizeni imejazwa na nani.

Nasema hivyo kwa sababu sisi mafundi tumewazoesha dawa moja. Mteja hajakaa kwenye kiti, tumeshamwambia, "Hii tuipige Windows upya." Tunafuta kila kitu, tunapandisha Windows nyingine, tunapokea fedha, na baada ya wiki tatu kompyuta inarudi na hali ileile. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kwa miaka, na sina haja ya kuficha. Kupiga Windows kabla ya kujua nani alikuwa akiitumikisha prosesa ni sawa na kuhama nyumba kwa kuwa usiku ulisikia kitu kikianguka jikoni. Je, ulikwenda kutazama? Huenda ni paka. Huenda ni mwizi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mlio wake ni mmoja.

Tuanze, basi, na kuisoma namba yenyewe, kwa maana wengi wetu tunaisoma vibaya.

Katika kompyuta ya Windows, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, lenye orodha ya programu zote zinazofanya kazi wakati huo, zile mlizozifungua na zile zilizojifungua zenyewe. Juu ya orodha kuna neno CPU. Libonyezeni, na programu inayokula zaidi itapanda juu. Hilo tu. Halihitaji fundi, na halihitaji fedha.

Mwaka fulani alinijia mwalimu mstaafu, mtu makini sana, akiwa na kompyuta yake na daftari la mistari. Kwa wiki nzima alikuwa amerekodi, asubuhi, mchana na jioni, jina la programu iliyoonekana kuitafuna prosesa: "System Idle Process, 97. System Idle Process, 96. System Idle Process, 98." Akaniambia kwa uchungu kwamba amejaribu kuizima imekataa, na kwa kuwa imekataa ameanza kufuta programu nyingine ili kuipunguzia nguvu. Alikuwa amefuta programu ya printa, programu ya kuandikia barua, na mchezo wa hesabu wa wajukuu. Sikujua nicheke au nimpe pole. Ndugu zangu, mstari ule si programu. Ni kipimo cha muda ambao prosesa haina kazi yoyote ya kufanya. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa imepumzika kwa asilimia 97, naye alikuwa akiiadhibu kwa kupumzika. Uzito aliokuwa akiulalamikia ulitoka kwenye diski kuu iliyokuwa inakaribia kufa, jambo ambalo tungeligundua siku ya kwanza kama tungekubaliana namba ile inasema nini.

Hata hivyo, lile daftari lilikuwa wazo zuri kuliko vyote nilivyowahi kuletewa na mteja. Kwa nini? Kwa sababu kipimo kimoja hakina maana. Prosesa kufika asilimia mia wakati unafungua programu kubwa, au unapunguza ukubwa wa video ya harusi, si ugonjwa. Ndiyo kazi uliyoinunulia. Tatizo ni pale ambapo umeiwasha kompyuta, umeiacha dakika kumi au kumi na tano itulie, hujafungua chochote, na bado namba haishuki, leo haishuki, kesho haishuki. Hapo ndipo tunapouliza: nani?

Na kuna namba nyingine inayowadanganya watu kwa upande wa pili, kwa sababu ni ndogo. Prosesa za siku hizi zina viini kadhaa, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja mezani. Windows huwahesabu wote pamoja kuwa asilimia mia. Sasa tuseme kompyuta yako ina wafanyakazi wanne, na programu moja imekwama, inazunguka kwenye hesabu moja isiyokwisha. Itaonekana inatumia asilimia 25, haizidi wala haipungui. Mtu anatazama anasema, "Aa, robo tu." Si robo tu. Ni mfanyakazi mmoja aliyekamatwa mateka saa zote. Mkiona 25 iliyoganda hivyo kwenye mashine ya wanne, au 50 kwenye mashine ya wawili, shukuni programu iliyokwama. Ifungeni, iwasheni upya, na ikirudia hali hiyo, itafutieni toleo jipya. Wenye Mac, yaani kompyuta za Apple, wasishtuke wakiona asilimia 180 au 300 kwa programu moja, kwa kuwa huko kila kiini huhesabiwa mia yake.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo ndilo lililonifundisha unyenyekevu. Si kila mgeni usiyemjua ni mwizi.

Mkilitazama dirisha lile mtakutana na majina ya ajabu ambayo hamkuyaleta ninyi, na lililo maarufu kuliko yote ni svchost. Vijana wanaliogopa sana. Svchost ni kama daladala: si yenyewe inayokwenda sokoni, inabeba huduma za Windows ambazo kila moja ina shughuli yake, moja ya mtandao, moja ya sauti, moja ya kupakua masasisho, yaani marekebisho mapya ya Windows. Ukiona daladala imeinama upande mmoja huichomi moto. Unachungulia ndani kuona nani amepanda na magunia. Bonyezeni kile kishale kidogo pembeni ya jina, na abiria wataonekana.

Mwishoni mwa mwaka 2013, kompyuta za Windows XP zilianza kushikwa na svchost kwa muda mrefu kila zilipowashwa, na hili lilitokea duniani kote. Baadaye sababu ilijulikana. Kila sasisho jipya lilikuja na orodha ya masasisho ya zamani ambayo linayachukulia nafasi, nayo yale ya zamani yalikuwa na orodha zao, na kompyuta ilitakiwa kuufuata mnyororo wote hadi mwisho kabla ya kuamua inahitaji nini. Mnyororo ulikuwa umerefuka mwaka baada ya mwaka, na kazi ya kuufuata ikawa inakua kwa kasi kuliko urefu wenyewe. Januari 2014 Microsoft waliyaondoa masasisho ya zamani kutoka kwenye mnyororo, na kompyuta zikatulia. Zikatulia zenyewe! Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapiga Windows upya kwenye kompyuta za watu, nikizirudisha kwao zikiwa tupu na bado zikiwa na ugonjwa, kwa sababu zilipowashwa tu zilianza upya kuufuata mnyororo uleule. Wako watu hapa ukumbini ambao walinilipa kwa kazi hiyo. Tutaonana baada ya mkutano.

Na msidhani ni mafundi wa mitaani tu wanaomkosea svchost. Tarehe 21 Aprili 2010, antivairasi ya McAfee ilipokea sasisho lenye kasoro, ikaliona faili halali la svchost katika Windows XP kuwa ni kirusi, ikalishughulikia kama kirusi. Kompyuta katika ofisi nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma, nyingine zikapoteza mtandao. Kwa hiyo ukisikia mkono unakuwasha kufuta faili usilolijua, kumbuka kwamba hata wenye kazi hiyo waliwahi kulifuta.

Wako wafanyakazi wengine halali wa namna hii. Yupo anayepanga orodha ya mafaili yako ili uyapate haraka ukiyatafuta; ukimwaga picha elfu tano kutoka kwenye flashi, atafanya kazi saa kadhaa, kisha atanyamaza. Ipo antivairasi ya Windows yenyewe, Defender, ambayo dirisha linaiita Antimalware Service Executable, jina refu linalotisha kuliko kirusi chenyewe. Inapopekua mafaili inakula prosesa, na haifai kuizima. Ipangieni saa ya kupekua, kwa mfano wakati mko mezani. Linalofaa kuondolewa ni antivairasi ya pili. Nyumba nyingi nimekuta mbili, moja ilikuja na kompyuta na nyingine imepandishwa na mpwa, kila moja ikimpekua mwenzake. Mlango mmoja hauwekewi walinzi wawili wasioaminiana.

Kabla sijaendelea, naomba niulize: ni wangapi hapa huizima kompyuta kila usiku? Naona mikono mingi. Vizuri. Sasa fungueni Task Manager, nendeni sehemu ya Performance, mtafute maneno Up time. Mtastaajabu. Nimeona kompyuta ambayo mwenyewe anaapa huizima kila siku, na kipimo kinasema iko macho siku 41. Mwenyewe hakusema uongo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hakuifungi Windows yote; sehemu yake ya ndani kabisa huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iamke haraka, na huduma iliyokwama, au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama printa, huamka nayo vilevile ilivyolala. Anayetaka kuianzisha upya kwa kweli achague Restart. Mara ngapi nimelipwa kwa Restart! Leo nimeitoa bure.

Jambo la tatu ni mwizi mwenyewe, kwa maana yupo.

Mama mmoja aliniita nyumbani. Alikuwa na kompyuta ya mezani sebuleni, ya mwanawe wa sekondari, na malalamiko yake hayakuwa ya kompyuta. Yalikuwa ya umeme. LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inaisha mapema kuliko zamani, na nyumba haikuongeza kitu. Nikaketi, nikasikia feni inavuma kwa nguvu. Nikafungua Task Manager: asilimia nne. Kila kitu shwari. Nikafunga, nikamwambia mama sioni tatizo. Yeye ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama na sahani mkononi, "Lakini mwanangu, mbona ukifungua hilo dirisha lako inanyamaza, na ukilifunga inaanza tena?"

Nikafungua tena. Feni ikashuka. Nikafunga. Baada ya nusu dakika, feni ikapanda. Mama alikuwa ametambua kwa sikio kitu ambacho mimi fundi sikukiona kwa macho. Ilikuwa programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, iliyofichwa ndani ya mchezo ambao kijana aliupakua mahali ambapo michezo ya kulipia hutolewa bure. Programu za aina hii huitumia prosesa yako kufanya hesabu ambazo malipo yake yanakwenda kwa mtu mwingine, na baadhi yake zimetengenezwa zisimame pale tu zinapoona Task Manager imefunguliwa. Hesabuni wenyewe: prosesa ya mezani ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa kumi kwa siku inakula uniti 0.65, na kwa siku thelathini ni karibu uniti 20. Mama alikuwa akimlipia umeme mtu asiyemjua, na huyo mtu hakuwa hata na adabu ya kusalimia.

Tulimpataje? Nilitumia Process Explorer, programu ya bure ya Sysinternals, ambayo ni ya Microsoft tangu mwaka 2006, na ambayo mwizi yule hakuwa ameizoea. Likatokea jina: svchost. Mnalikumbuka? Lakini svchost wa kweli anaishi ndani ya folda ya System32, katika folda ya Windows. Huyu alikuwa anaishi kwenye folda ya mafaili ya muda ya mtumiaji. Jina mtu hujipa, tazameni anakoishi. Bonyezeni jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague Open file location, na mtaonyeshwa nyumbani kwake. Tulipekua kwa Defender katika ile namna yake inayofanya kazi kabla Windows haijaamka, tukaondoa na agizo lililokuwa limepangwa kumwamsha kila mara kompyuta inapowashwa, kwani ukimfuta mwizi ukaacha ufunguo, kesho yuko sebuleni. Mchezo nao ukaondoka. Kijana alinuna, na bado ananuna nikipita.

Mwizi wa namna hii aliwahi kuingia hata kupitia kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, bila mtu kupakua kitu. Huduma iliyoitwa Coinhive, iliyoanza Septemba 2017 na kufungwa Machi 2019, iliwawezesha wenye tovuti kuchimba sarafu ya Monero kwa prosesa za wasomaji wao. Februari 2018 wahalifu waliipenyeza katika tovuti zaidi ya 4,000 kwa siku moja, zikiwemo za serikali ya Uingereza, kupitia programu ndogo ya kusomea maandishi kwa sauti ambayo tovuti hizo zote ziliitumia. Coinhive haipo tena, ila funzo la kiufundi limebaki: kivinjari kikila prosesa, msikilaumu chote. Katika Chrome bonyezeni Shift na Esc, na kila kichupo, yaani kila ukurasa mliofungua, na kila kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, kitaonyesha mzigo wake peke yake. Mara nyingi mtakuta ni kichupo kimoja tu kati ya thelathini. Nanyi mlio na thelathini kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne, hapo hapana siri ya kuchunguza.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo ninalolipenda, kwa sababu humo "nani" si programu kabisa.

Dada mmoja fundi cherehani, hapa hapa mtaani, aliniletea laptop yenye prosesa asilimia mia saa zote. Nilitazama orodha: hakuna mwizi, hakuna aliyekwama. Programu zote zilikuwa zinakula kidogo kidogo, na jumla yake ikawa mia. Jambo gani hili? Nikatazama sehemu ya Performance, penye kasi. Prosesa hiyo ilitengenezwa kwenda gigahezi 2.3. Ilikuwa inakwenda 0.79. Yaani mzigo haukuwa umeongezeka hata kidogo. Mbebaji ndiye aliyepungua. Gunia la kilo kumi kwa mtu mzima si kitu, mpe mtoto wa miaka sita uone.

Niliifungua mezani. Matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na vumbi la vitambaa, rangi ya kijivu, limeshikana kama kipande cha blanketi. Nililivuta kwa koleo likatoka zima, na katikati yake mlikuwa na uzi mwekundu umejisokota. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na safari hii ilikuwa nguo kweli. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ikijipunguzia kasi, kazi ileile inaijaza. Nilisafisha, nikabadilisha ile dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma chake, ambayo baada ya miaka hukauka kama udongo, na kasi ikarudi. Windows haikuguswa. Picha za mitindo ya wateja wake, ambazo fundi mwingine alikuwa amemwambia zitapotea, zote zilibaki.

Wenye Mac wana ishara yao ya hali hii. Wakiona kernel_task imeshika prosesa, wasiitafutie namna ya kuizima, kwa kuwa Apple wenyewe wameeleza kwamba moja ya kazi zake ni kudhibiti joto kwa kuzinyima nafasi programu zinazoilemea prosesa. Inajifanya ina shughuli ili mashine ipoe. Na zipo laptop ambazo zikiwekewa chaja zisiyoitambua hupunguza kasi vilevile, zikiogopa kuwa umeme hautoshi. Aliyenunua chaja barabarani na siku hiyohiyo kompyuta ikawa nzito, aanze na chaja. Laptop msiziweke juu ya godoro wala mto, na hapa pwani mwezi Februari msizibane ukutani.

Mkija dukani, kwangu au kwa mwingine, njooni na karatasi mliyoandika jina lililokuwa juu ya orodha, asilimia yake, kasi ya prosesa wakati huo, na saa yenyewe, kwa siku tatu angalau. Fundi akiwaambia tuipige Windows kabla hajaisoma karatasi hiyo, mwombeni aisome kwanza. Akikataa, chukueni kompyuta yenu.

Mheshimiwa mwenyekiti, nakushukuru. Naona wako watatu waliokuja na laptop zao, na tumebaki na saa nzima kabla ya magharibi. Naomba tuanze na ya mama aliyekaa dirishani, kwani tangu niliposimama hapa naisikia feni yake, naye hajaigusa.